Uzi: Mapenzi ya Kitamil kwa Kiswahili, tusipitie mlango wa Kiingereza

Kalamu_ya_Pwani

Wakuu, habari za saa hizi.

Uzi huu ni wa wanaotafsiri filamu, tamthilia na riwaya za mapenzi za Kitamil, pamoja na wanaozitazama tu lakini hawataki kupitwa. Kazi nyingi zinazotufikia, ziwe zimeingizwa sauti na ma-DJ au zimewekwa mtandaoni sehemu kwa sehemu, zimetoka Kitamil zikapita Kiingereza ndipo zikafika kwetu. Njiani zinadondosha mzigo mkubwa, na kinachouma ni kwamba mzigo huo Kiswahili kingeubeba bila shida.

Chukueni majina ya ndugu. Kaka mkubwa wa baba kwa Kitamil ni periyappa: periya ni kubwa, appa ni baba. Baba mkubwa, neno kwa neno. Mdogo wake baba ni chithappa, baba mdogo. Dada mkubwa wa mama ni periyamma, mama mkubwa, na mdogo wake mama ni chithi, mama mdogo. Kaka wa mama ni maman, mjomba. Dada wa baba ni athai, shangazi. Dada wa mume, nathanaar, ni wifi. Kiingereza kina neno moja kwa mjomba, baba mdogo, mume wa shangazi na hata jirani mtu mzima. Sisi tunayo yote, halafu tunayaacha kabatini kwa sababu maandishi ya chini ya skrini hayakuyataja.

Kwa nini hili ni jambo la mapenzi na si la ukoo tu? Kwa sababu kwa Watamil wengi wa Kihindu, hasa vijijini na katika miji midogo ya Tamil Nadu, jimbo lao kusini mwa India, neno la undugu ndilo linaloamua nani anaruhusiwa kumpenda nani. Watoto wa baba mkubwa, baba mdogo, mama mkubwa na mama mdogo ni kaka na dada zako kabisa. Unawaita anna, akka, thambi, thangachi, na penzi hapo ni mwiko. Watoto wa mjomba na wa shangazi ni habari nyingine. Hao ni murai, wana haki nawe. Binti wa mjomba ni murai ponnu wako tangu mnacheza vumbini, wakubwa wanawatania kuwa ni mume na mke, na akiolewa na mwingine bila upande wenu kuulizwa, upande wenu unajiona umedhulumiwa.

Kwa hiyo binti anapotaja mpenzi aliyempata mjini, na mama yake akajibu tu, "Na mtoto wa mjomba wako?", hapo ukoo mzima umeshaingia chumbani. Mtafsiri anayeweka "binamu" anamwacha mtazamaji akishangaa kwa nini watu wameacha kula. Liepukeni hilo neno kwenye kazi hizi, linawakusanya wote. Andikeni "mtoto wa mjomba" au "mtoto wa shangazi", mkilazimika kuongeza sekunde moja, ongezeni.

Naanza na hilo. Wenye mengine karibuni.

Rehani

Naunga mkono, ila hapo kwenye maman pana mitego miwili.

Mtego wa kwanza: katika koo nyingi za Kitamil, mjomba mwenyewe aliye kijana anaweza kumwoa binti wa dada yake mkubwa, akka magal. Sheria ya Ndoa ya Kihindu ya 1955 inaiweka ndoa ya mjomba na mpwa kwenye orodha ya makatazo, lakini inaacha mlango kwa wenye mila inayoiruhusu, na ndiyo maana bado mnaiona kwenye hadithi. Kwa msomaji Mwislamu wa Mombasa au Zanzibar mjomba ni maharimu, atashtuka. Msifiche kwa kumgeuza kuwa "rafiki wa familia", kwa sababu mbele kutakuwa na tukio la mama akilia mbele ya mdogo wake wa kiume, na halitakuwa na maana. Acheni "mjomba", halafu mapema kabisa mpeni mhusika mdogo, muuza chai au bibi wa jirani, sentensi moja ya kusema kwamba kwao hilo ni jambo la kawaida.

Mtego wa pili ni kinyume chake. Vijijini upande wa Madurai, mwanamke humwita mumewe au mpenzi wake "maama" kwa mahaba. Binti wa miaka ishirini akimwita hivyo kijana wa rika lake kando ya kisima, huyo si mjomba wake. Nimeona tafsiri iliyoandika "mjomba" mstari kwa mstari na penzi zima likageuka kuwa fedheha. Hapo bakizeni "maama" lilivyo. Sikio la Mswahili litalizoea ndani ya dakika kumi.

Nahau

Na machan. Asili yake ni shemeji. Vijana wa Chennai wanaitana hivyo kama sisi tunavyosema "mshikaji" au "mwanangu". Kipimo ni rahisi: kama kati yao kuna dada anayehusika, ni shemeji, kama hakuna, ni mshikaji. Waandishi wanaupenda sana mpito wa kutoka huku kwenda kule, rafiki anayeitwa machan kila siku, kisha siku inajulikana anampenda dada wa yule anayemwita hivyo. Neno lile lile, lakini sasa lina jino. Mkilitafsiri "rafiki" tangu mwanzo, siku hiyo hamna cha kubadilisha.

Mtunzi_Mdogo

Utani wa murai unafanana kabisa na utani wa watoto wa shangazi na mjomba katika makabila yetu mengi. Kwenye sikukuu za vijijini kule, mabinti huwamwagia wavulana walio murai kwao maji ya manjano. Akimwagia asiye murai, watu wanageuka kutazama. Ni tukio dogo linalotumika sana kumtangaza mpenzi bila kusema neno.

fundi_sauti

Upande wa kuingiza sauti. Kitamil kina "wewe" mbili: nee kwa mtu wa karibu au mdogo, neenga kwa mkubwa, mgeni au unayemheshimu. Kitenzi nacho kinafuata: vaa ni njoo, vaanga ni njoo ya heshima. Wapenzi wanaoanza kama wafanyakazi wenza au waliokutanishwa na wazazi wanaanza kwa neenga. Siku mmoja anateleza akasema nee, penzi limeshatangazwa. Kiswahili hakina hilo, "ninyi" ya heshima haikai vizuri kwenye mdomo wa kijana wa leo. Njia inayofanya kazi ni cheo: mwanzoni kila sentensi iwe na "dada", "kaka" au "mwalimu", na kauli ziwe za "naomba" na "tafadhali". Kwenye mstari wa kuteleza, cheo kidondoke, libaki jina tupu. Usikidondoshe hata mara moja kabla ya hapo, vinginevyo umeua tukio.

Halafu kuna da na di mwishoni mwa sentensi, da kwa mwanamume, di kwa mwanamke. Marafiki na wapenzi wanatumia kwa mahaba. Mgeni akimwambia mwanamke di, ni tusi. Msitafute neno moja la kuliweka kila mahali, fuateni toni. Na anna, kaka, ndiyo breki: msichana akimwita anna kijana anayemtaka, amemfungia mlango kistaarabu. Bahati nzuri "kaka" kwetu inafanya kazi ile ile.

La mwisho ni kitenzi. Kitamil kinaweka kitenzi mwishoni. Mwigizaji anasema "mimi... wewe..." ananyamaza, anameza mate, ndipo kitenzi kinatoka. Ukiingiza "nakupenda" mwanzoni, mdomo wake unaendelea kucheza sekunde tatu bila maneno na siri imeshatoka. Tanguliza mtendwa: "Wewe... wewe, Meena... nimekupenda." Kiswahili kinaruhusu kabisa.

BintiMwalimu

Hapo kwenye "nimekupenda" umegusa jambo, fundi. Kwenye vitabu mtu huandika kaadhalikkiren, ninakupenda kimapenzi, lakini mdomoni ni wachache wanaosema hivyo. Kitamil cha kuandika na cha kusema vimeachana sana. Riwaya nyingi husimulia kwa cha kuandika na kuwapa wahusika cha kusema, hivyo ukitafsiri yote kwa Kiswahili kimoja sanifu unapoteza pumzi. Mdomoni utasikia "love panren", mchanganyiko wa mjini, au enakku unna pidichirukku, ambalo maana yake ni karibu na "umenikaa moyoni". Limekwishatokea, halina wa kulizuia. "Nakupenda" ni tangazo, "nimekupenda" ni kukiri jambo lililokwisha kutokea. Kwa pidichirukku chagueni la pili.

Na wasichanganye anbu, paasam na kaadhal. Anbu ni upendo kwa jumla, paasam ni ule wa damu, wa mama na mtoto, na kaadhal ni wa wapenzi. Baba anaposema kwenye tamthilia kwamba binti amekanyaga paasam kwa ajili ya kaadhal, ukiandika "upendo" pande zote mbili sentensi haina kichwa wala miguu. "Amekanyaga damu yake kwa ajili ya mapenzi" inafika.

Mshumaa

Naomba kuuliza. Hizi hadithi upande wa binti ndio unalipa mahari? Maana kuna moja baba anauza shamba ili alipe mahari ya binti yake.

Kalamu_ya_Pwani

Mshumaa, hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika tafsiri hizi, na si lako. Kinachotajwa ni varadatchanai, mali inayotoka kwa wazazi wa binti kwenda kwa upande wa mume: dhahabu, pesa, pikipiki au gari, vyombo vya nyumba. Mahari yetu inatoka kwa mume. Ukiandika "mahari" umepindua mwelekeo wa deni, umepindua na aibu. Kutoa na kupokea kulipigwa marufuku na sheria ya India ya 1961, kwa hiyo wahusika hawalitaji wazi. Upande wa mvulana utasikika ukisema "hatudai chochote, mtampa binti yenu mnachopenda", na hiyo ndiyo sentensi ya kuogopwa. Andikeni "mali ya kumlipa mkwe" au "dhahabu ya kumpeleka binti". Dhahabu inahesabiwa kwa sovereign, gramu 8, na kila mtazamaji wa kule anajua kupiga hesabu hiyo kichwani. Wekeni gramu mkiona inasaidia, ila msiseme "vito kadhaa".

Mwanasheria_Nje

Kwa wanaoandika au kuhariri hadithi za wapenzi wanaotoroka, fuateni sheria ilivyo. Si kwa ajili ya usahihi peke yake. Mashaka yote ya hadithi yamo humo.

Umri kwanza: mwanamume 21, mwanamke 18. Binti mwenye miezi miwili kabla ya kutimiza 18 ni hadithi nzima.

Njia ya kwanza ni hekaluni. Thali ni kidani cha dhahabu kwenye uzi uliopakwa manjano, na kinafungwa mafundo matatu. Katika baadhi ya jamii fundo la tatu linafungwa na dada wa bwana harusi, kwa hiyo wanaotoroka mara nyingi wana pengo hapo: nani atasimama kama dada? Ngoma na zumari hupigwa kwa kishindo wakati wa kufunga ili sauti yoyote ya nuksi isisikike. Ndoa ya watoro haina kishindo hicho, na mwandishi mzuri atakusikizisha mafundo yakikazwa. Baada ya hapo, sheria ya jimbo ya 2009 inataka ndoa iandikishwe ndani ya siku 90.

Ya pili ni ndoa ya suyamariyathai, ya kujiheshimu, iliyoenezwa na Periyar E. V. Ramasamy na harakati zake tangu miaka ya 1920. Hakuna kuhani, hakuna moto, hakuna Kisanskriti. Serikali ya jimbo ya C. N. Annadurai iliipa nguvu ya sheria kwa marekebisho ya 1967 ya ile Sheria ya Ndoa ya Kihindu, kifungu cha 7A. Kinachotakiwa ni kila mmoja kutamka, kwa lugha ambayo wote wawili wanaielewa, kwamba anamchukua mwenzake kuwa mwenzi, mbele ya jamaa, marafiki au watu wengine, kisha kuvishana shada au pete, au kufunga thali. Agosti 2023 Mahakama ya Juu ya India ilisema ndoa ya namna hii haihitaji kutangazwa hadharani. Ni ya Wahindu kwa Wahindu, hata kama wa matabaka ya kuzaliwa (kaste) tofauti.

Ya tatu ndiyo wengi wanakosea. Mmoja ni Mhindu, mwingine Mwislamu, na hakuna anayetaka kubadili dini: hapo ni sheria maalumu ya ndoa ya 1954. Mmoja wao awe ameishi katika wilaya ile siku zisizopungua 30. Wanapeleka notisi, inabandikwa mahali pa wazi ofisini, na kwa siku 30 yeyote anaweza kuweka pingamizi. Siku ya ndoa mashahidi ni watatu, na notisi inakufa baada ya miezi mitatu. Hadithi inayowaingiza wapenzi hao ofisini asubuhi na kuwatoa na cheti mchana imejinyima chakula chake yenyewe. Karatasi yenye majina na anwani zao iko ubaoni mwezi mzima, na karani ana ndugu kijijini. Nini kingine unataka?

Baada ya ndoa, gazetini mtaona maneno kaadhal jodi thanjam: wapenzi wamekimbilia hifadhi. Wanaingia kituo cha polisi, mara nyingi cha wanawake (vya kwanza Tamil Nadu vilifunguliwa 1992), wakiwa bado na mashada shingoni. Ofisa anaita wazazi wa pande mbili, anakagua vyeti vya umri, anamuuliza binti mbele ya wote anataka kwenda na nani. Tukio hilo lisikatwe kwa ajili ya muda. Ndipo binti anaposema kwa mdomo wake, na mara nyingi anasema akimtazama ofisa, si mama yake.

Nahau

Na hatari yenyewe si ya kubuni. Machi 2016, Udumalaipettai, kijana Mdalit, yaani wa jamii zinazowekwa chini kabisa ya matabaka, aliyemwoa binti wa tabaka la juu kuliko lake, alikatwakatwa mapanga mchana, barabarani, kamera zikirekodi. Kitamil kilikuwa kinaita mauaji haya gowrava kolai, mauaji ya heshima. Wanaharakati wakalikataa neno hilo wakaleta aanavakkolai, mauaji ya kiburi. Mkikuta la pili kwenye muswada, tafadhali msiandike "mauaji ya heshima". Mwandishi amechagua kwa makusudi kuwanyang'anya wauaji hiyo heshima, nasi tusiwarudishie.

Tabaka haliulizwi moja kwa moja. Maswali ni haya: ninyi ni watu gani? Mungu wa ukoo wenu ni yupi? Nyumba yenu iko mtaa gani? Vijiji vingi Wadalit wana makazi yao pembeni, na neno "koloni" kwa jibu linatosha kunyamazisha ukumbi. Mtafsiri aliyeandika "mtaa wa mabanda" amekosea. Mtu anaweza kuishi koloni kwenye nyumba ya matofali yenye ghorofa. Perumal Murugan, katika riwaya yake Pookuzhi ya 2013, amejenga hofu yote kwa maswali ya namna hii: bwana harusi anamleta mkewe kijijini, na kijiji hakiachi kuuliza ni mtu wa wapi. Tafsiri yake ya Kiingereza ilifika orodha ndefu ya tuzo ya International Booker 2023. Someni muone swali linavyouma kwa kurudiwa tu.

Rehani

Niongeze vitu vya mkononi, maana mapenzi ya Kitamil yamejaa vitu na kila kimoja kinasema.

Maua ya malligai, asumini. Yanasokotwa kwenye uzi na kuuzwa kwa muzham, kipimo cha kiwiko hadi ncha ya kidole. Sisi tuna dhiraa, ni ile ile. Muuzaji mwanamke anapima kwa mkono wake, kwa hiyo mwenye mkono mrefu anapendwa na wanunuzi. Mume anayerudi jioni na dhiraa mbili za asumini zilizofungwa kwenye jani la mgomba pamoja na kipande cha halua ametuma ujumbe kamili kabla ya kuvua viatu. Halua ya Tirunelveli ndiyo inayotajwa zaidi, ya ngano na samli, laini ya kuteleza. Lakini "kumpa mtu halua" katika Kitamil cha mtaani ni kumlaghai. Waandishi wanazichezea maana hizo mbili, na msomaji wa pwani anayejua kikuba na asumini za usiku atazipata zote mbili mkimpa nafasi. Mjane kwa mila havai maua. Anayeanza tena kuvaa hahitaji kusema kitu.

Siku ya kwenda kumwona binti, upande wa mvulana hupewa bajji na sojji. Bajji ni ndugu ya bajia zetu, vipande vya ndizi mbichi au kitunguu kwenye unga wa dengu, na sojji ni tamu ya semolina. Binti analeta kahawa. Mkono ukitetemeka bakuli la chini ya bilauri linapiga kelele, na waandishi wa sauti wanalitumia sana hilo. Wakikubaliana wanabadilishana thamboolam, majani ya tambuu na popoo. Ndiyo, tambuu ile ile.

Mwezi wa Aadi, katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, maharusi wapya wanatenganishwa, binti anarudishwa kwao. Sababu inayotolewa ni hesabu: mimba ya Aadi huzaliwa Chithirai, kilele cha joto. Kwa mwandishi huu ni mwezi wa bure wa upweke, simu za usiku na wifi anayesikiliza mlangoni. Harusi nazo hazifungwi Aadi wala Margazhi. Ukiweka harusi tarehe 25 Desemba kwa Wahindu wa Madurai, umejulikana kuwa hukuuliza mtu.

Mtunzi_Mdogo

Simu nazo? Naona hadithi mpya zote ni WhatsApp.

fundi_sauti

Kweli. Zamani ilikuwa kubipu: mara moja ni nimefika, mara mbili ni nakuwaza. Siku hizi ni tiki za bluu, muda wa mwisho kuonekana, skrinishoti na nenosiri. Mwaka 2022 filamu Love Today ilisimamisha kisa kizima kwenye sharti moja la baba wa binti: mkitaka kuoana, badilishaneni simu kwa siku moja. Angalizo kwa watafsiri: kwenye skrini ujumbe wao wengi wanaandika Kitamil kwa herufi za Kilatini, bila unadhifu. Msiutafsiri kwa Kiswahili cha barua rasmi. "Uko wap", "bdo hujalala" ndiyo rejista yake.

BintiMwalimu

Kabla hatujafika mbali, mnajua kwamba mandhari nayo si pambo? Ushairi wa kale wa Kitamil ulikuwa na sarufi yake ya mapenzi, imeandikwa katika Tolkappiyam, kitabu cha kale cha kanuni za lugha na ushairi. Mapenzi yaliitwa akam, ya ndani, na yaligawanywa kwa ardhi tano. Kurinji, milimani usiku wa manane, ni kukutana. Mullai, malishoni na msituni jioni ya mvua, ni kungoja kwa subira. Marutam, mashamba ya mpunga alfajiri, ni kununa, mume anayerudi kutoka kwa mwanamke mwingine. Neytal, ufukweni jua likizama, ni wasiwasi na kulalama. Palai, jangwa la mchana mkali, ni kutengana, au wawili kutoroka pamoja. Kila ardhi na ua lake. Kurinji la milimani ndilo lile linalochanua kila baada ya miaka 12.

Tazameni filamu na riwaya za sasa kwa jicho hilo. Penzi linaanzia milimani, Kodaikanal au Ooty. Mwanamke anayelalama kwa wasiwasi anawekwa ufukweni, Chennai kuna Marina na Besant Nagar. Ugomvi wa ndoa uko kwenye nyumba yenye shamba asubuhi. Wanaotoroka wako kwenye barabara kuu jua la utosi, chupa ya maji imekwisha.

Kalamu_ya_Pwani

Hapo nakubali kwa nusu. Wapo waandishi wanaofanya kwa kujua, na wapo wengi waliorithi kupitia nyimbo za filamu bila kuijua kanuni. Tusimwambie msomaji kwamba kila ufuo ni neytal. Mara nyingine ufuo ni mahali pa bei nafuu pa kupiga picha. Mimi ningeitumia kama kipimo cha kukata: kama lazima ufupishe riwaya, usiondoe saa na hali ya hewa kwenye matukio ya mapenzi, ondoa vingine.

Mshumaa

Na wale wanaomfuata msichana filamu nzima mpaka akubali?

BintiMwalimu

Hiyo inaitwa oru thalai kaadhal, penzi la kichwa kimoja. Tolkappiyam iliitambua kama kaikkilai na ikaiweka nje ya zile tano, haikuihesabu kuwa penzi kamili. Sinema ya miongo mingi iliigeuza kuwa ushujaa. Juni 2016 mwanamke kijana aliuawa kwenye kituo cha treni cha Nungambakkam, Chennai, na mjadala wa filamu zinazosifu kumwandama msichana ukawaka kweli kweli. Hadithi za karibuni zinampa binti jibu la wazi na zinamwonyesha mfuataji kama tishio. Kwa watafsiri: maneno kama "atanizoea tu" msiyapake asali. Kama muswada unamlaani, Kiswahili nacho kimlaani.

Nahau

Jambo moja la Watamil wa Sri Lanka, maana watu wanachanganya. Jaffna ina sheria yake ya kimila, Thesavalamai, iliyokusanywa kwa maandishi na Waholanzi mwaka 1707. Mali ya binti, seethanam, mara nyingi ni nyumba yenyewe. Ndiyo maana kwenye hadithi za Jaffna kaka hawezi kuoa mpaka dada zake wapate nyumba na waume, na ndiyo maana kuna kaka mwenye miaka arobaini Toronto au London anayefanya zamu mbili. Penzi lake linasubiri simu kuhusu bei ya saruji kijijini. Upande wa Batticaloa mume ndiye anayehamia kwa mke. Ukiandika "bibi harusi alihamia kwa mumewe" kwa mazoea, umeihamisha hadithi kwenda Tamil Nadu.

fundi_sauti

Bado kuna kiporo: avan na aval. Kitamil kinatenganisha yeye wa kiume na wa kike, sisi hatutenganishi. Hadithi fupi nyingi za mapenzi hazitaji majina, ni avan na aval mwanzo hadi mwisho. "Alimtazama, akamtazama, akacheka." Nani?

BintiMwalimu

Kutotaja majina ni kwa kale mno, Tolkappiyam inakataza wapenzi wa akam kutajwa kwa jina. Kwa hiyo usiwabatize. Mpe mmoja wao nomino na mwingine mwachie kiambishi: "kijana alimtazama, akacheka". Ukishaweka "kijana", yule mwingine ni binti bila kutajwa. Ukibadilisha mtazamo, geuza: "binti akamtazama". Msitie "mwanamume" na "mwanamke" kila mstari, inakuwa ripoti ya polisi.

Rehani

Basi tumalizie na lile shairi ambalo wanaharusi wanalichapa kwenye kadi mpaka leo. Liko kwenye mkusanyo wa Kurunthogai, la 40 kati ya 401, la tangu enzi za Sangam, za ule ushairi wa kale. Nimeona tafsiri tano za Kiswahili, zote zimetoka Kiingereza, zote zimelegea mwishoni.

Kalamu_ya_Pwani

Hilo linafaa uzi huu kwa sababu linaanza na kile tulichoanza nacho. Mpenzi anauliza mama yangu na mama yako ni nani wao kwa wao, baba yangu na baba yako wana udugu gani, mimi na wewe tulijuana vipi. Anaupitia ukoo mzima, mlango kwa mlango, na haoni murai popote. Hapo ndipo inakuja mvua kwenye udongo mwekundu. Hata jina la mshairi limepotea, anaitwa kwa picha hiyo, Sembulappeyanirar.

Makosa yako kwenye kitenzi cha mwisho, kalandhanave. "Tumechanganya mioyo yetu" haifai, inawafanya wao kuwa watendaji. "Mioyo yetu imechanganywa" haifai kabisa, inaleta mtu wa tatu aliyechanganya, na shairi limetumia mistari yake yote ya mwanzo kuonyesha kwamba mtu huyo hayupo. Kiswahili kina -ika kwa ajili ya jambo linalotokea bila mkono wa mtu. Na mbele ya kitenzi kuna taam, ambalo wengi wanaliruka: lenyewe, zenyewe. Mimi ningeandika: mvua ikishukia udongo mwekundu, ndivyo mioyo yetu ilivyochanganyika yenyewe.